Nyongeza ya Bi Zakia

Kama kuna kitu Bi Zakia binti Kassimu alikuwa amekichoka duniani, basi ni kufika dukani na kukuta duka si duka tena. Baridi ya Magamba alizaliwa nayo, njaa alishaizoea, mume alishamzika. Lakini utelemke na bodaboda kutoka Magamba mpaka Lushoto mjini, magoti yanalalamika kila kona, mvua inanyemelea, halafu usimame mbele ya mlango uliouzoea miaka thelathini ukute binti anasuka rasta pale palipokuwa na magunia ya mchele! Hilo lilimpandisha mori.

Alhamisi hiyo, siku ya gulio, alikuwa anatafuta tende. Kesho yake, Ijumaa, palikuwa na hitima ya marehemu mumewe, Mzee Amiri, na mambo yote yalikuwa tayari. Mchele upo, viazi vipo, kuku wanne wamefungwa miguu uani. Zilibaki tende tu. Mzee Amiri alikuwa mtu wa tende. Kahawa bila tende alikuwa haigusi, hata awe na homa. Bi Zakia aliapa kwamba madhali yeye yu hai, hitima ya mume wake haitapita bila tende.

Na tende, miaka yote, zilikuwa kwa Omari Mpemba. Ndiyo maana alikwenda moja kwa moja kwa Omari Mpemba, akapanda kizingiti bila kutazama juu, akasema hodi, na ndipo alipoziona nywele za bandia zimening'inia ukuta mzima. Msusi alikuwa na adabu, alimwamkia vizuri. Akamweleza kwamba yule mzee alikwisha kurudi kwao Pemba tangu kabla ya Ramadhani, na wanawe hawataki duka. Kisha akamwuliza kama angependa kupakwa hina. Bi Zakia alimwambia asante, hina ya nini na mkono wenyewe wa kulima.

Alitoka akasimama barazani, akaiangalia ile barabara kwa hasira.

Chumba kile alikijua kuliko wenye nacho. Alipokuwa msichana kilikuwa kwa Mhindi, mzee Kanji, aliyeuza vitambaa upande huu na mafuta ya taa upande ule, hata kila gauni la Lushoto likawa linanuka mafuta ya taa. Ukinunua sukari kwa Kanji, akishaifunga kwenye karatasi, alichota tena kwa vidole vitatu akakudondoshea kiganjani. Hiyo ndiyo nyongeza. Hakuna aliyeiomba na hakuna aliyeikosa. Kanji alikuwa bahili wa kutupwa, na watu walimsema sana, lakini nyongeza hajawahi kumnyima mtu hata siku moja.

Kanji akaenda zake, likaja duka la ushirika, na nyuma ya kaunta akakaa Paskali, Mkatoliki wa Gare, mwenye sweta moja la kijani. Hiyo ilikuwa miaka ya foleni. Unapanga tangu alfajiri, unaganda kwa baridi, ukibakiza watu wawili mbele unaambiwa sabuni imekwisha. Bi Zakia alimgombeza Paskali mpaka sauti ikamkauka. Hata hivyo, hata katika dhiki ile, Paskali alipokata mche wa sabuni, zile chenga zilizodondoka alizikusanya akakuwekea juu ya kipande chako. Aliona haya kumwacha mtu atoke bila kitu cha juu.

Halafu ndiyo akaja Omari na kanda lake la tende. Kwa Omari unaanza kwa kuonja, maana aliona ni dhambi kumwuzia mtu asichokijua. Ukionja, anapima. Akishapima, anachota tatu anakupa. Akijisahau kwa maongezi, unajichotea mwenyewe mbele ya macho yake, unasema "na nyongeza hii," naye anacheka. Ndivyo ilivyo gulioni mpaka leo, kuanzia Soni hadi Mlola: muuzaji akizubaa, mnunuzi anajiongezea, na anayejiongezea bila kusema ndiye asiye na adabu. Bi Zakia kila mara alizifunga zile tende tatu kwenye pindo la khanga, akapanda nazo mlima, na mjukuu wake Husna akiwa mdogo alikuwa anamlaki njiani, hata kapu halipokei, anakimbilia fundo.

Basi na huo ndio mlango mmoja tu. Mlango wa pili ulikuwa duka la vifaa vya ujenzi, ukawa wa simu, ukawa wa kubashiri mpira, sasa ni mabegi. Wa tatu ulikuwa hoteli ya maharage mazuri sana, leo ni wakala wa kutuma pesa. Na ng'ambo ya barabara, pale zilipokuwa ofisi za zamani za mbogamboga, ndipo zilipoanza hizo supamaketi zao. Ya kwanza ilikuwa duka la kawaida lililoondolewa kaunta, watu wakaambiwa wajihudumie. Wakajihudumia mpaka mwenyewe akafunga. Ya pili ilileta majokofu ya samaki, umeme ukakatika siku nne, mtaa mzima ukatembea umeziba pua. Na ya tatu ndiyo hii ya sasa, Kilele Supamaketi, yenye mlango wa vioo na spika inayopiga kelele tangu asubuhi. Kila mpya ikija, watu wanaambiwa hayo ndiyo maendeleo. Bi Zakia alikuwa ameyapokea maendeleo matatu katika jengo moja, na bado hajajua chumvi inakaa wapi.

Aliuliza tende kwa muuza ndala, kwa mwenye duka la dawa, na kwa mama mmoja wa vitenge. Wote watatu walimwelekeza Kilele.

Sasa, Kilele alikuwa ameahidi kutotia mguu, na ahadi hiyo alimpa Husna mwenyewe. Husna alikuwa keshia mle ndani. Huyu ni mtoto wa mwanawe Rajabu, ambaye yuko Tanga na mke mwingine na habari nyingi za kesho na kesho kutwa. Bi Zakia ndiye aliyemlea tangu hajaota meno. Husna alimaliza kidato cha nne, akakaa nyumbani miaka miwili akipalilia kabichi na kupeleka barua za maombi ya kazi ambazo hazikujibiwa hata moja. Kilele walipomchukua, bibi na mjukuu walilia jikoni wakasingizia moshi. Lakini ilikuwa kazi ya majaribio ya miezi miwili, na kulikuwa na sharti: keshia haruhusiwi kumhudumia ndugu yake. Akipatikana amemhudumia, anaondoka siku hiyo hiyo. Aliyemtangulia Husna ndivyo alivyoondoka, kwa ajili ya shangazi na ndoo ya mafuta ya kula.

Bi Zakia aliposikia sharti hilo alicheka kwa hasira. Ukizuia ndugu Lushoto utamwuzia nani, watalii? Hapa ukimkanyaga mtu sokoni, kabla hujasema pole mmeshagundua kwamba bibi zenu walinyonya ziwa moja. Lakini kwa ajili ya Husna aliahidi. Na siku hiyo ya tende zilikuwa zimebaki siku tisa tu majaribio yaishe.

Mvua ikaanza. Akasema liwalo na liwe, ataingia, atachukua tende, atalipia kwa keshia mwingine, atatoka. Ndugu wa mtu ana haki ya kula tende.

Mlangoni mlinzi, kijana wa Soni anayeitwa Stephano, alimwomba aache kapu lake nje, kama kandambili msikitini. Akaacha. Ndani alizunguka mara mbili akitafuta, akapita kwenye karoti zilizovishwa plastiki. Akasimama kwanza. Karoti! Kuanzia Magamba kwenda juu karoti zimejaa mpaka ng'ombe wamezichoka, na hizi zimeandikwa zimefungashwa Dar es Salaam. Yaani zilitelemka mpaka Dar kwenda kuvishwa nguo, zikapandishwa tena mlima kuuziwa wenyewe. Alitamani amwone aliyebuni jambo hilo, amwulize mama yake anajua.

Tende zilikuwa mwisho kabisa, kwenye sanduku la kioo, na pembeni mizani na msichana wa kupimia, macho kwenye simu. Bi Zakia alimwuliza kama anaweza kuonja. Msichana akasema "mm" bila kuinua kichwa. Akaonja moja, si mbaya, ingawa haikufikia za Omari. Kokwa akabaki nayo mkononi, maana hakuona pa kuitupa. Akasema apimiwe kilo mbili. Msichana akapima, akafunga mfuko, akabandika karatasi ya bei, akarudi kwenye simu yake.

"Na nyongeza, mwanangu," Bi Zakia akasema.

"Mm," msichana akajibu.

Bi Zakia akachukua tende tatu, akaziinua kidogo zionekane kama adabu inavyotaka, akazifunga kwenye pindo la khanga pamoja na ile kokwa. Hakufikiri lolote. Mkono wake ulikuwa umefanya hivyo miaka sitini, na haujawahi kumwuliza ruhusa.

Keshia walikuwa wawili. Alipanga foleni ya yule mwingine, akamgeuzia Husna mgongo na kujifanya anasoma bei za biskuti. Kumbe Mungu naye ana mambo yake. Alipobakiza mtu mmoja, mashine ya yule keshia ikaishiwa karatasi, na wote wakaambiwa wahamie upande wa pili. Bi Zakia aliwaza kuziacha tende palepale na kuondoka. Akamkumbuka Mzee Amiri, akawaza watu watakaokuja kumwombea, kahawa inakuja bila kitu. Akahama na wenzake.

Husna alimwona akiwa bado mtu wa tatu. Rangi ilimbadilika, lakini mikono haikusimama. Zamu ya bibi yake ilipofika, alivuta ule mfuko wa tende akautazama mfuko wenyewe.

"Karibu mteja," akasema.

Tangu Husna ajue kusema, hajawahi kumfungulia mdomo Bi Zakia bila kuanza na shikamoo. Hata siku ya homa ya malaria, mtoto anaweweseka, alianza na shikamoo. Bi Zakia alijua vizuri sana kwa nini leo haikuja. Yeye mwenyewe ndiye aliyekubali, yeye mwenyewe ndiye aliyevunja ahadi. Hata hivyo ilimchoma, na alijiona mjinga kuchomwa na jambo alilolijua.

Hapo ndipo alipotokea meneja, na Stephano nyuma yake. Meneja Nikodemo alikuwa kijana wa kutoka Dar, shati limepigwa pasi, sauti ya upole. Na yeye, asiyemjua Bi Zakia kwa lolote, ndiye aliyesema shikamoo.

"Marahaba," Bi Zakia akaitikia.

"Bibi, samahani sana. Naomba ufungue hilo fundo la khanga."

Alilifungua. Tende tatu na kokwa moja zikakaa juu ya meza mbele ya Husna, na foleni nzima ikarefusha shingo. Nikodemo akaeleza kwamba ameona kwenye kamera, na kwamba jambo kama hili huwa linawasikitisha. Bi Zakia akamweleza habari ya nyongeza. Akamweleza kwa utulivu kwanza, halafu bila utulivu: kwamba ameonja kwa ruhusa, amejiongezea kwa kusema, na kwamba barabara hii amenunua tangu baba yake Nikodemo hajajua kufunga suruali. Msichana wa mizani akaitwa. Akasema yeye hakusikia kitu. Bi Zakia alimwangalia, akaona kweli binti wa watu hadanganyi, hakusikia kitu chochote, na hilo likamkera zaidi kuliko uongo.

Nikodemo hakupaza sauti hata mara moja. Alisema hapa hakuna nyongeza, kila kitu kimepimwa. Alisema pia kwamba yeye si mtu mbaya. Utaratibu unaruhusu, kama yupo mfanyakazi anayemfahamu bibi huyu na anaweza kumdhamini, basi yataisha kwa onyo. Kama hayupo, atapigwa picha, na picha itabandikwa mlangoni mwezi mzima pamoja na za wengine. Kisha akageuka.

"Husna, wewe ni mtu wa huku. Unamfahamu huyu bibi?"

Husna akafungua mdomo. Bi Zakia aliuona ule mdomo unavyofunguka, akajua kitakachotoka, akaiona na kazi inavyokwenda na maji, miaka mingine ya kabichi na barua zisizojibiwa. Akawahi yeye.

"Anijulie wapi?" akasema. "Mtoto wa watu hata salamu hajanipa."

Husna akaziangalia zile tende tatu, alizokuwa akizifungua utotoni kwa meno fundo likikaza, na hakuna mtu mle ndani aliyejua vizuri kuliko yeye zimefungwa kwa sababu gani.

"Simfahamu," akasema.

Stephano ndiye aliyepiga picha, kwa simu, na aliona aibu kuliko mpigwa picha. Bi Zakia alijitengeneza khanga kichwani akatazama mbele, kama siku ile ya kitambulisho cha taifa. Akalipa tende zake. Akachukua kapu lake mlangoni, akatoka mvuani, akamkuta dereva wa bodaboda amejikunyata chini ya bati la pale kwenye mabegi.

Njia nzima ya Magamba alikuwa na hasira na hakujua aziweke wapi. Alimkasirikia Omari kwa kwenda Pemba. Alimkasirikia msichana wa mizani kwa kuwa na masikio ya pambo. Alimkasirikia Nikodemo kwa kuwa mpole. Angekuwa mshenzi ingekuwa rahisi, angemtukana yakaisha. Alijikasirikia mwenyewe na mkono wake. Lakini chini ya hasira zote hizo kulikuwa na jambo moja lililomuuma, na lilikuwa halina haki hata kidogo. Alitaka Husna amkane. Alimwonyesha njia ya kumkana. Husna akamkana. Sasa analia nini?

Jioni jirani yake Secilia alikuja kumsaidia kuchagua mchele. Huyu ni Mlutheri, mwimbaji wa kwaya, na hitima zote za nyumba hiyo yeye ndiye mkono wa kulia. "Onga mshi," akasalimu kwa Kisambaa, akavuta ungo, na kabla hajakaa sawasawa akaanza habari za mjini: eti kule supamaketi amekamatwa bibi mmoja mwizi, kaficha vitu kwenye khanga, wazee wa siku hizi nao wameharibika. Bi Zakia aliendelea kuchagua mchele. Alitaka kusema. Akasema tu kwamba dunia imeharibika, na Secilia akakubali kwamba kweli imeharibika, wakahamia kwenye habari za viazi. Kusikia amegeuka hadithi ya kuchagulia mchele nyumbani kwake mwenyewe kulimtia uchungu ambao hata pale mbele ya kamera hakuwa nao.

Secilia alipokwisha kuondoka, Husna akaingia, sare imelowa mabegani. Alipiga magoti mlangoni.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Umekula?"

Hakuwa amekula. Bi Zakia akampakulia, akakaa naye jikoni. Katikati ya kula Husna akatoa barua iliyokunjwa mara nne. Meneja amemwajiri rasmi, hata siku tisa hakuzisubiri. Amemsifu mbele ya wafanyakazi wote: wengine, alisema, wanamtetea kila mzee kwa sababu tu ni mzee wa huku, lakini Husna ana msimamo. Husna aliyasema hayo akiangalia ugali.

Bi Zakia akasema alhamdulillahi. Aliisema kwa moyo wote, maana barua hiyo ameiombea miaka miwili. Halafu akauliza kama picha imebandikwa.

"Imebandikwa. Nimeibandika mimi. Amesema iwe kazi yangu ya kwanza."

"Chini ya picha huwa pana jina. Umeandika nani?"

Husna akaacha kula. Maji ya kuoga yalikuwa yanachemka jikoni, Bi Zakia akayaacha yachemke.

"Nimeandika hajulikani," Husna akasema.

Bi Zakia alinyanyuka, akauchukua ule mchele aliouchagua na Secilia, akaanza kuuchagua upya. Alifika katikati ya ungo ndipo alipoweza kusema, na aliposema hakupaza sauti.

"Kesho asubuhi ukaandike jina langu. Zakia binti Kassimu, wa Magamba. Wewe ni Husna Rajabu Amiri, jina langu halimo katika lako, halitakuponza. Kama ni mwizi, basi niwe mwizi mwenye jina. Hajulikani ni maiti ya mtoni, Husna. Mimi nimezaa, nimelea, nimezika. Barabara ile wananijua."

Husna akajibu ndiyo bibi, na wakaenda kulala.

Ijumaa asubuhi Husna aliondoka na sare yake kama kawaida. Bi Zakia akashughulika na kuku, kisha akakaa kwenye benchi la uani na beseni la viazi, kisu mkononi, na roho haikutulia. Sasa alijuta. Jina la nini? Mwezi mmoja ungepita, picha ingebanduliwa, watu wangesahau. Watu husahau hata kwamba pale palikuwa na Omari. Na kama kuna mtu mle dukani anayejua kwamba Zakia binti Kassimu ndiye bibi yake Husna, je? Lushoto hii hii! Alijiita majina mabaya, akaapa kwamba Husna akirudi jioni atamwambia akakwangue.

Husna hakungoja jioni. Saa nne haijafika alionekana anapanda kinjia, na sare hakuwa nayo. Alikuwa amevaa sweta alilokuwa amelivaa chini ya sare, na kitenge. Alimwamkia bibi yake, akaingia ndani akatoka na kisu cha pili.

"Umeandika jina?" Bi Zakia akamwuliza.

"Nimeandika. Zakia binti Kassimu wa Magamba." Husna akachagua kiazi. "Halafu chini yake nikaandika bibi yake Husna, keshia."

"Na meneja?"

"Kanishukuru kwa kusema ukweli. Kachukua sare."

"Na picha?"

"Kaibandua mwenyewe. Kasema nimeshakudhamini, utaratibu unaruhusu."

Bi Zakia aliweka kisu chini. Alikasirika kwelikweli. Na alifurahi kwelikweli, furaha ambayo hakuipata hata siku ya barua. Na hakujua aanze na lipi. Akaanza na hasira, kwa kuwa ndiyo aliyoizoea. Alimwuliza Husna kama kazi siku hizi zinaokotwa jalalani. Alimwuliza nani kamtuma kuandika mstari wa pili, maana yeye alimtuma mmoja. Alimwambia amerithi ujinga huo kwa babu yake, Mzee Amiri, ambaye naye alikuwa hajui kunyamaza panapofaa, Mungu amrehemu. Na huku akisema hayo alikuwa amekwisha kusogea kwenye benchi, amempisha.

Husna akakaa. Kila alipoulizwa alijibu ndiyo bibi, akamenya viazi, maganda marefu yakidondoka miguuni kwao, na Bi Zakia akaendelea kumfokea hivyo hivyo, bega kwa bega, mpaka wageni wa kwanza wa hitima walipopiga hodi.